Wanga wa Sumbawanga

Kuna ugonjwa katika elimu ya majina, nao ni kufasiri jina la nchi moja kwa kamusi ya nchi nyingine. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka wa 1974, umeugua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Mtu wa pwani husikia "wanga", hukumbuka wale wanaosemwa kuwa hutembea uchi usiku wakiwanga, akakata shauri papo hapo ya kuwa Ufipa ni nchi ya wachawi. Akiulizwa kama amefika huko, hujibu kwamba jina lenyewe latosha kuwa shahidi.

Basi shahidi huyo na aulizwe vizuri. Katika Kiswahili chenyewe "wanga" si neno moja. Wanga ni unga mweupe wa muhogo unaotiwa nguo ili zikakamae, na mwalimu wa sayansi hulitumia neno hilo kwa chakula kitiacho mwili nguvu. Kuwanga ni kufanya uchawi wa usiku. Kichwa nacho huwanga kwa maumivu. Na katika Kiswahili cha zamani kuwanga kulikuwa kuhesabu. Kwa nini ichaguliwe maana iliyo mbaya kuliko zote? Kwa haki iyo hiyo ningeweza kudai kwamba mji umepewa jina kwa ajili ya mahindi yake, maana Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi. Dai langu lingekuwa upuuzi, lakini upuuzi wake haupiti ule wa kwanza.

Jina hili ni la Kifipa. Wenyeji husimulia kuwa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi au dawa aliyokuja nayo mtu: utupe, ndipo uingie. Ni amri, tena ni amri kwa mgeni. Mwenye nyumba asemaye mlangoni "Vua viatu" hajakiri kwamba ndani mwake mna matope.

Na ukoo wa wanga huo hautafutwi pwani. Wabemba wa Zambia, upande wa kusini, husema "ubwanga", yaani dawa au hirizi. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulirejesha neno hilo kwenye shina "-ganga", lile lile lililotupa sisi mganga na uganga. Kibemba kimeiangusha "g", Kiswahili kimeishika. Huko Angola "wanga" ya Kimbundu ni uchawi, na Óscar Ribas aliliweka neno hilo kuwa jina la riwaya yake ya mwaka wa 1951, Uanga. Watumwa walivuka nalo bahari, na hata leo katika Haiti wanga ni hirizi, ya kupendwa au ya kudhuru. Shina moja kwetu limezaa tabibu, kwingine limezaa mchawi.

Najua nitakalojibiwa: Wafipa wenyewe wameogopa uchawi. Naam, kama walivyouogopa watu wa Tanga, wa Pemba na wa Mwanza. Mwaka wa 1963 na wa 1964 wasaka wachawi walioitwa kamcape walipita Ufipa wakitaka watu watoe dawa zao. Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti huko, aliandika habari zao. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, Audrey Richards alizitazama pembe ambazo Wabemba walizitoa kwa wasakaji wa namna hiyo, akaona kwamba sehemu kubwa zilikuwa na dawa za kawaida tu. Hapo ndipo neno lenye nyuso mbili lilipo hatari: mwenye dawa ya mtoto huitwa mwenye sumu.

Wala huu si mchezo wa wapenda kamusi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu na neno la jirani. Anayelicheka jina la Sumbawanga barazani, akamwuliza Mfipa aliyehamia mjini kama ungo wake ameuacha nyumbani, anautia kuni moto huo huo. Na mwandishi wa gazeti aandikaye "mji wa wachawi" hana udhuru kumpita yeye.