Hedhi Ikikoma Mapema Si Uzee, Wala Si Kurogwa

Mwezi huu naomba tuzungumzie jambo ambalo kina mama hulinong'ona jikoni na kina baba hujifanya hawalisikii. Nalo ni kukoma kwa hedhi. Mimi mwenyewe nimekwisha kulivuka daraja hilo, kwa hiyo ninasema kama muuguzi na pia kama mama mwenzenu.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikikaribia kwisha, vifuko vya mayai huacha kutoa homoni ya estrojeni kwa kiasi cha kutosha. Tunasema hedhi imekoma pale mama anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, naye hana mimba, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayozuia hedhi. Miaka michache kabla ya hapo siku huvurugika. Joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho hulowanisha shuka usiku, usingizi hukatika, na hasira huja bila sababu. Wengine hukauka ukeni hata tendo la ndoa likawa maumivu.

Haya ni mabadiliko ya maumbile, lakini yakimzidi mama nguvu yanatibika. Nimemwona mama aliyemeza dawa za malaria mara tatu katika mwaka mmoja kwa sababu ya jasho la usiku, na kila mara kipimo hakikuonyesha vijidudu. Hakuna aliyemwuliza habari za siku zake.

Hata hivyo, lililonifanya nishike kalamu ni jambo jingine. Siku moja alikuja hospitalini kwetu dada wa miaka 31, ameongozana na mama mkwe wake. Hakuwa ameona hedhi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na katika ndoa ya miaka minne hakuwa amepata mtoto. Kwa waganga walikwisha kupeleka mbuzi wawili. Ukoo wa mume ulikwisha kukaa kikao. Alikopita kwanza kutafuta matibabu aliambiwa, "Wewe umezeeka mapema, nenda kapumzike." Akaenda kupumzika, na mwaka ukapita.

Ndugu zangu, ninasema bila kuficha: jibu lile lilikuwa kosa. Vifuko vya mayai vikichoka kabla ya umri wa miaka 40, huo ni ugonjwa wenye jina, vipimo na matibabu. Wala si wa watu wachache mno. Miongozo ya kitaalamu ya mwaka 2024 inakadiria kuwa huwapata wanawake kama 3 au 4 katika kila 100.

Husababishwa na nini? Wengine huzaliwa na hitilafu katika kromosomu au katika vinasaba vya ukoo. Wengine kinga ya mwili wao hugeuka na kushambulia vifuko vya mayai, na mara nyingine hushambulia pia tezi ya shingoni. Wengine ni baada ya dawa au mionzi ya kutibu saratani, au baada ya kuondolewa vifuko vyote viwili kwa upasuaji. Lakini kwa wengi chanzo hakionekani, hata katika hospitali kubwa. Kutoonekana kwa chanzo si ushahidi wa uchawi.

Tena, si kila hedhi iliyopotea ni ugonjwa huu. La kwanza kupima ni mimba. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mji wa mimba na kuzuia hedhi. Mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yasitoke na hedhi isirudi, huenda tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wake imeumia. Kila moja ina tiba yake. Ndiyo maana ninasema: binti au mama aliye chini ya miaka 40, akikosa siku zake kwa miezi minne, aende hospitali. Asisubiri mwaka. Mwombe daktari kipimo cha damu cha homoni iitwayo FSH. Homoni hiyo ndiyo inayoviamsha vifuko vya mayai. Vikikaa kimya, yenyewe hupanda juu sana. Kama zahanati yenu haina kipimo hicho, ombeni barua ya rufaa.

Wengine huniuliza: "Sista, kama hedhi imekwenda, dawa ya nini?" Estrojeni haifanyi kazi ya uzazi peke yake. Inalinda mifupa na mishipa ya moyo. Mama anayeikosa tangu miaka 31 hukaa karibu miaka 20 bila kinga ambayo wenzake wanayo. Mifupa yake huwa myepesi, na akianguka kidogo tu kisimani huvunjika. Kwa hiyo hupewa estrojeni mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani kama miaka 50. Mwenye mji wa mimba huongezewa projesteroni, ili ukuta wa ndani wa mji wa mimba usinenepe na kuleta saratani.

Hapo huja hofu. Wengi wamesikia kwamba homoni huleta saratani ya matiti. Maneno hayo yalienea baada ya utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisimamishwa mwaka 2002. Lakini wanawake wa utafiti ule walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani wao 63. Huwezi kuchukua hatari ya bibi wa miaka 63 ukambebesha dada wa miaka 31, ambaye anarudishiwa tu kile ambacho mwili wake ungekuwa nacho. Walio na historia ya saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, au ugonjwa mkali wa ini, ndio wanaohitaji ushauri wa pekee wa daktari.

Hofu ya pili ni yetu sisi Wakatoliki. Pale ambapo dawa maalumu za homoni hazipatikani, daktari huweza kutoa vidonge vile vile vinavyotumika kupanga uzazi. Nimewaona kina mama wakivirudisha kwa machozi, wakidhani wanatenda dhambi. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, kifungu cha 15, anakubali tiba inayohitajika kuponya maradhi ya mwili hata kama itazuia uzazi, ilimradi kuzuia uzazi kusiwe ndilo lengo. Kwa hiyo meza dawa yako kwa amani. Ila kama bado unatamani mtoto, mwambie daktari mapema, kwa sababu vidonge hivyo huzuia yai kutoka, na dawa za kurudishia homoni hazitegemewi kuzuia mimba. Wanawake kama 5 katika 100 wenye ugonjwa huu hupata mimba wenyewe bila kutarajia. Ni wachache, na sipendi kumdanganya mtu. Lakini wapo.

Kwa ninyi kina mama wa rika langu, neno moja la kukata na shoka: damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, usiseme "usichana umerudi." Nenda ukapimwe upesi, kwani inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba. Pia lindeni mifupa yenu: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, jua la asubuhi, kutembea kwa miguu, na kuacha tumbaku. Na mama wa miaka 47 ambaye siku zake zinarukaruka asijidanganye, kwani mimba bado inaweza kuingia.

Kina baba, kwenu nina ombi. Mkeo akilala dirisha wazi, akikasirika upesi au akilikwepa tendo la ndoa, usikimbilie kumshuku. Muulize, kisha mfuatane hospitali. Na ukoo unaokaa kikao cha kumrudisha mke kwao ungefanya vema kuchangia kwanza nauli na gharama za kipimo.

Yule dada sasa anatumia dawa. Jasho limekwisha na usingizi umerudi. Mtoto hajapata. Lakini siku ya mwisho alikuja na mume wake, na mume ndiye aliyeshika kadi ya kliniki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusiwaachie binti zetu ugonjwa huu wauficte peke yao.