Ramani ya Ulimi

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilifundisha jambo lisilo kweli, na nikalilinda kwa wino mwekundu. Natanguliza kukiri hivyo ili ndugu msomaji asije akadhani kwamba mzee huyu amekaa barazani kuwasema vijana na simu zao.

Jambo lenyewe lilikuwa katika somo la milango ya fahamu, darasa la tano. Nilichora ulimi ubaoni nikaugawa kama shamba la mirathi: ncha ni ya utamu, pembeni ni chumvi na uchachu, nyuma kabisa ni uchungu. Watoto wakanakili. Mwaka mmoja nikaleta sukari, chumvi, ndimu na maji ya mwarobaini, wakajaribu kwa vijiti. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, mimi sukari naisikia na huku nyuma pia." Nikamwambia hakuweka kijiti mahali pake. Akarudia, akasema vile vile. Darasa likacheka, nami nikamwekea mkasi.

Nimestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, ndipo mjukuu wangu aliponifungulia katika simu somo moja la bure. Kumbe mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Hänig, alipima ulimi akakuta tofauti ndogo tu za wepesi wa kuonja kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Marekani akaeleza matokeo hayo kwa mchoro uliowafanya wasomaji wazione tofauti zile kuwa ni mipaka. Tangu hapo kitabu kikanakili kitabu, mpaka kikanifikia mimi. Ukweli ni kwamba kila sehemu yenye vinundu vya kuonjea hutambua ladha zote. Na ladha yenyewe ya tano, ile ya mchuzi wa nyama, aliyoibainisha Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908, wala sikuwahi kuitaja.

Hapo ndipo wanaponirukia mabingwa wa zama hizi. "Si umekiri mwenyewe, Mwalimu? Elimu yote iko mtandaoni, tena bure. Mwalimu wa nini tena?" Maneno haya nimeyasikia katika mikutano na hata harusini, na baadhi ya wasemaji ni watu niliowafundisha mimi a, e, i, o, u.

Nawajibu hivi. Jioni ile ile, katika simu ile ile, niliikuta ramani yangu ya ulimi katika masomo mengine, imepakwa rangi za kupendeza, nayo ni bure vile vile. Simu haikuniambia lipi la kushika na lipi la kuacha. Niliinuka nikaenda jikoni nikachukua sukari na kijiti. Yaani nilifanya kile alichokifanya yule msichana. Aliyenisahihisha ni yeye, miaka mingi kabla ya mashine, ila darasani mwangu hapakuwa na mtu wa kuliweka jaribio juu ya kitabu. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Tena hili neno "bure" tulitazame vizuri. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kuwa kitayaweka masomo yake wazi kwa dunia nzima. Khan Academy ikaanza mwaka 2008. Sina neno baya juu ya watu hao. Wametoa sadaka kubwa. Lakini ni bure kwa upande wa mtoaji. Kwa upande wetu, mama muuza maandazi hununua kifurushi, na picha za video hukila kabla somo halijafika katikati. Kisha lugha. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anafungua somo la umeme analikuta kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985; haikuwa hivyo. TUKI ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yapo, tena kwa miaka yote hii. Kilichokosekana ni nia, na wenye dhamana wasijifiche nyuma ya uhaba wa istilahi.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana nilipopewa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa moja, chini ya mwembe. Tulisikiliza, tukaizima, tukasoma kijitabu, kisha ukafuata ubishi: mbu hutoka wapi, choo kichimbwe umbali gani na kisima. Inakadiriwa kuwa watu milioni mbili walishiriki nchini. Sikusema mambo yote yalikuwa asali. Wako waliochimba vyoo kwa kumwogopa bwana afya tu. Lakini hakuna aliyeondoka pale bila kuulizwa, "Wewe unaonaje?"

Linganisha na mwaka 2020 ilipoingia korona. Kwa siku moja nilipokea katika simu maelekezo matano ya tiba, yanapingana, na kila moja likinihimiza niwatumie wenzangu. Kila mtu aliyasoma peke yake, kitandani. Hapakuwa na mwembe wala wa kuuliza nani kasema na amejuaje.

Basi nadai, na sioni haya kudai: vituo vya walimu vifunguliwe jioni, masomo yapakuliwe mara moja yahifadhiwe, kama yale ya Khan Academy yalivyowahi kufungashwa mwaka 2012 yatumike pasipo intaneti. Na pawepo mwalimu, si wa kuhubiri, bali wa kuzima mashine na kuuliza.

Yule msichana leo ni mama mtu mzima. Nilimfuata sokoni nikamwomba radhi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akacheka. Kijiti hakikumbuki. Anakumbuka wenzake walivyocheka, na kwamba baada ya siku ile hakunyosha tena mkono katika somo la sayansi. Mwanawe wa mwisho huja kwangu kila Jumamosi na wenzake sita. Tunasikiliza somo moja, tunalizima, tunabishana.