Ntiro apewe ukumbi mzima

Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, itenge ukumbi mmoja kwa miezi kadhaa uwe wa mchoraji mmoja tu, kazi zake zote za maisha. Wa kwanza awe Sam Joseph Ntiro.

Nafundisha sanaa sekondari. Wanafunzi wangu wanamjua Picasso, lakini jina la Ntiro wanalisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na siwalaumu, kwa sababu sina pa kuwapeleka wakaone. Huyu ni Mchaga aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere, Kampala, kwa Margaret Trowell, akaendelea chuo cha sanaa cha Slade jijini London, na baada ya Uhuru akarudi London hiyohiyo kuiwakilisha Tanganyika. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Bibi yangu alikuwa mpishi wa mbege, pombe hiyo ya ndizi, huko Machame, Kilimanjaro. Angeieleza picha ile vizuri kuliko mtaalamu yeyote: nani hutangulia, nani hubeba, wenyeji huwapokeaje. Amefariki bila kuiona.

Picha moja ukutani haitoshi. Kazi za mtu zikipangwa tangu ujana hadi uzee, ndipo unapoona alichokishikilia na alichokiacha.

Kwa Edward Saidi Tingatinga haja hii ni kubwa zaidi. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote ni ya miaka minne! Wageni wa Oysterbay, Dar es Salaam, walizinunua picha zake wakaondoka nazo, na jina lake likageuka jina la mtindo mzima. Leo ukioneshwa picha yenye saini yake, huna hakika kama ni yake au ya mwigaji. Zikikusanywa zile ambazo historia yake inajulikana, zikawekwa bega kwa bega, tutajifunza mkono wake: anavyojaza mandharinyuma, anavyokata mstari wa mgongo wa mnyama. Hilo halifundishwi kwa picha za kwenye simu.

Wenzetu wa Kenya wameshaonesha njia. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya Nairobi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage ilifungua ukumbi wake kwa kazi za miaka mingi za Sane Wadu, mwenyewe akiwa hai, anaweza kuulizwa naye akajibu.

Najua nitaambiwa fedha hakuna. Kuazima picha New York kunadai bima, usafiri wa uangalifu na chumba chenye hewa isiyo na unyevu, na unyevu wa pwani yetu tunaujua. Basi tuanze na zilizo karibu. Litolewe tangazo redioni: mwenye picha ya Ntiro sebuleni, ofisini au parokiani aitaje, ipigwe picha, ipimwe, iandikwe ni ya mwaka gani na ilimfikiaje, kisha abaki nayo mpaka siku ya maonesho. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, kamera na nauli ya kwenda Moshi na Kampala. Waliofundishwa na Ntiro ni wazee sasa, hivyo wahojiwe mwaka huu.