Barafu ya Kale Yashuhudia Safari ya Mabara

Mwanafunzi anapoanza kusoma habari za kusogea kwa mabara, kwa kawaida huonyeshwa ramani na kuambiwa atazame jinsi pwani ya Brazili inavyolingana na pwani ya magharibi ya Afrika. Ulinganifu huo huvutia macho, lakini peke yake hauthibitishi jambo. Huenda ukawa wa bahati tu. Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika miamba, nao ndio unaostahili kutangulizwa darasani.

Huko Nooitgedacht, karibu na Kimberley, Afrika Kusini, upo mwamba uliosuguliwa na kuchorwa mikwaruzo mirefu iliyo sambamba. Barafuto, yaani barafu nene itambaayo juu ya nchi, iliukwaruza kwa mawe iliyoyaburura chini yake miaka ipatayo milioni 300 iliyopita. Alama za enzi hiyo zimo pia Bara Hindi, Australia na Amerika ya Kusini. Hata katika bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, matabaka ya chini ya miamba ya Karoo yana mashapo yaliyoachwa na barafu.

Je, dunia nzima iliganda? La, kwa maana katika enzi hiyo hiyo Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilikuwa na misitu ya vinamasi vya joto, ambayo baadaye iligeuka makaa ya mawe. Tena, mikwaruzo ya Brazili na Uruguay yaonyesha kwamba barafu ilitoka upande ambao leo ni bahari, na barafuto haizaliwi katika bahari kuu. Mabara ya kusini yakiunganishwa karibu na Ncha ya Kusini, fumbo lafumbuka: barafu ilitoka Afrika ikaingia Amerika kwa nchi kavu.

Alfred Wegener, aliyetangaza nadharia yake mwaka 1912, aliutumia ushahidi huo. Alexander du Toit wa Afrika Kusini akauimarisha katika kitabu chake cha mwaka 1937. Wataalamu wengi waliwapinga kwa kuwa nguvu iyasukumayo mabara haikujulikana. Hilo lilikuwa kosa, kwani kutojua chanzo cha jambo hakufuti dalili zake. Wengi walisadiki katika miaka ya 1960 tu, ilipodhihirika kwamba sakafu ya bahari hutanuka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwalimu na amwonyeshe mwanafunzi dalili kwanza, kisha jina la nadharia lifuate. Hapo atakuwa amemfundisha kupima ushahidi, si kukariri jibu.