Yaya wetu anaendesha kinga katika theluji: tuache kumcheka

Picha ilifika katika grupu ya WhatsApp ya familia siku moja ya Jumapili, mwezi wa kwanza, saa za jioni, wengi wetu tukiwa tunangoja chakula. Yaya wetu anayeishi Montreal, Kanada, amesimama kando ya mto Saint-Laurent, ameshika baiskeli. Ndevu zake zimeshika barafu. Nyuma yake kila kitu ni cheupe, hata mto. Hakuandika neno lolote.

Majibu hayakuchelewa. "Yaya, ni kinga ulifuata Kanada?" "Na gari iko wapi?" Mmoja akatafuta picha ya chukudu iliyobeba magunia ya makala, akaiweka chini yake na vicheko kumi. Mama mkubwa akatuma sauti ya dakika mbili akimwomba Mungu amfungulie mtoto wake mlango wa kazi. Siku ya tatu yake, yaya alitoka katika grupu. Hakuaga.

Ninaandika haya kwa sababu mimi pia nilicheka. Mwaka uliofuata nilipata mafunzo ya miezi mitatu katika mji huo, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, na nililala nyumbani kwake. Niliyoyaona huko yamenifanya niwe na maneno ya kuwaambia ndugu zangu, na pengine ndugu zako wewe unayesoma, maana familia yenye mtu Kanada au Ubelgiji inajua grupu ya aina hii.

Kwanza, yaya ana gari. Iko mbele ya nyumba, chini ya theluji, na siku nyingi anaichimbua kwa sepetu kabla ya kwenda kazini. Sheria ya Quebec inamlazimisha kila mwenye gari kufunga mipira ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, basi anayo ya aina mbili na kila mwaka analipa mtu wa kuibadilisha. Gari hiyo hakuwahi kuituma kwenye grupu. Nilipomuuliza sababu, alijibu: "Gari ni ya kazi. Kinga ni yangu mimi."

Jibu hilo huku kwetu ni gumu kueleweka, na ninaona ni hapo tulipokosana. Kwetu baiskeli ni kazi. Katika bonde la Ruzizi inabeba makala, samaki na mihogo. Kisangani, toleka inalisha familia nyingi. Goma tumemsimamishia mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, lakini hakuna mzazi anayeombea mtoto wake aje kusukuma chukudu. Mtu anayepanda kinga bila mzigo, bila abiria, bila mahali anapokwenda, tena katika baridi inayogandisha mto, lazima awe maskini au awe amepotewa na akili.

Lakini hatujui mtu anakimbia nini.

Mwezi wa kumi na mbili, Montreal, jua linazama saa kumi na dakika chache. Yaya anafanya kazi katika depo ya bidhaa, anaingia alasiri na kutoka usiku wa manane. Akiamka, mwanga umebaki wa saa tano au sita. Theluji inayoanguka mwaka mzima inapita mita 2. Mwezi wa kwanza kipimo cha −15 hakimshangazi mtu. Madirisha yamefungwa, jirani humwoni, watoto hawachezi barabarani jinsi tulivyozoea. Kazini kila mtu amefunika masikio, mashine zinapiga kelele. Kuna siku yaya alihesabu maneno aliyosema tangu asubuhi, akapata manne, mawili akiwa amemwambia dereva wa basi. Sisi huku tulikuwa tunasema amekuwa na kiburi, hapokei simu.

Mwaka wake wa pili ulikuwa mbaya. Sitaeleza yote, ni ya kwake. Alinunua baiskeli iliyokwisha tumika, kwa mtu aliyekuwa anahama, akiwaza itamfaa kiangazi. Novemba ilipofika akaona wengine hawakuziweka zao ndani. Akawafuata.

Mimi nilitoka naye mara ya kwanza Jumapili moja katikati ya mwezi wa kwanza, kwa baiskeli za kukodi za mji, zile za BIXI. Zamani zilikuwa zinakusanywa kila Novemba na kurudi masika. Tangu mwisho wa 2023 zingine zinabaki nje hata wakati wa baridi, na zimefungwa mipira yenye misumari midogo. Nilivaa kila nilichokuwa nacho: sweta mbili, koti kubwa la kuazima, suruali tatu. Yaya aliniangalia, hakusema kitu. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Tuliposimama kwenye taa nyekundu, jasho lile likageuka maji ya baridi mgongoni. Ndipo akanifundisha: ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, umevaa kupita kiasi. Lazima usikie baridi dakika tano za kwanza, mwili utatoa joto wenyewe. Nguo nyembamba ya sufu karibu na ngozi, siyo ya pamba kwa sababu pamba inashika maji. Moja ya kati. Ya juu ya kuzuia upepo. Basi.

Mikono na miguu ni habari nyingine. Nilikuwa na glavu za vidole, vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Yeye anavaa zile zisizotenganisha vidole, vinakaa pamoja na kupashana joto kama watoto waliolala kitanda kimoja. Simu yangu ilikuwa na betri nusu, ikazimika nilipoitoa mfukoni kupiga picha. Maji ya kunywa yaliziba mdomo wa chupa. Miwani ilijaa ukungu kila tuliposimama. Hayo niliyapata siku moja!

Yake yaya ina matatizo yake yenyewe. Asubuhi moja aliitoa, akakanyaga, pedali zikazunguka bure, gurudumu halikushika. Grisi ya ndani ilikuwa imekuwa ngumu kwa baridi. Ilibidi airudishe ndani, ingoje saa nzima karibu na kipasha joto, nasi tukanywa chai mara ya pili. Kufuli pia linaganda. Mgeni analimwagia maji ya moto, na dakika chache baadaye maji hayo nayo ni barafu. Halafu kuna chumvi. Mji unamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke, na chumvi inakula mnyororo. Jumapili jioni utamkuta yaya amepiga magoti katika koridoo, chini ametandika katoni kwa sababu mwenye nyumba alishalalamika juu ya maji machafu, anapangusa mnyororo kwa kitambaa cha fulana na kutia mafuta tone kwa tone. Nilimwona anafanya hivyo akiimba. Tangu tukiwa watoto sikuwa nimemsikia akiimba.

Wakati theluji ni mpya na imelala, kelele zote za mji zinapungua. Unasikia tu misumari ya mipira, kama karanga kwenye kikaango. Hewa inaingia puani ikiuma. Na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Kila mwendesha baiskeli tuliyekutana naye alitusalimia. Mwingine aliinua mkono, mwingine alitikisa kichwa, mzee mmoja alisema "bon courage" bila kusimama. Katika mji huohuo ambamo watu wanapanda lifti moja mwaka mzima bila kuangaliana! Labda wako wachache, ndiyo maana wanatambuana. Mimi nilikotoka, kupita mtu bila kumsalimia ni kumtukana. Nilihesabu salamu kumi na moja kwa saa mbili, na nikaelewa kwa nini yaya anatoka Jumapili.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni mchezo tu. Nilianguka mara mbili. Theluji mpya siyo hatari sana. Hatari ni siku joto linapopanda kidogo, theluji inakuwa maji, kisha usiku inaganda tena: barabara inaonekana imelowa tu, kumbe ni kioo. Ukijikuta juu yake usishike breki ya mbele, usikate kona, nenda mbele moja kwa moja na omba Mungu. Mimi nilishika breki. Mama mmoja wa umri wa miaka sitini hivi, naye juu ya baiskeli, alisimama kuniuliza kama mfupa umevunjika, kisha akakemea baiskeli ya yaya kuwa mipira yake ina upepo mwingi mno. Alikuwa na haki: ikipunguzwa upepo inakanyaga eneo kubwa na kushika vizuri. Siku zingine haifai kutoka kabisa. Mvua inayoganda ikigusa ardhi inapoanza kunyesha, yaya mwenyewe anabaki ndani, na yeyote anayemwita mwoga kwa hilo hajaiona.

Wengine walioko huko wataniambia: wewe ulikaa miezi mitatu, unatusomesha nini? Ni kweli. Aliyefanya kazi usiku siku sita, ana watoto wadogo, ana mgongo mbovu, simwambii apande kinga kwenye −20. Tena furaha hii inategemea kitu ambacho mtu peke yake hawezi kujipatia: barabara iliyosafishwa. Njia ya baiskeli ya mtaa wa Saint-Denis, iliyofunguliwa 2020, imetenganishwa na magari na mashine zinapita kusukuma theluji. Hapo hata mimi niliendesha bila hofu. Mitaa mingine njia inafukiwa mwezi wa kumi na mbili na unaiona tena mwezi wa tatu. Kule Oulu, mji wa Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya, baridi ni kali pia, na watoto wanakwenda shule kwa baiskeli kwa sababu njia zao zinapangwa kusafishwa mapema asubuhi. Ni huko kongamano la kimataifa la uendeshaji baiskeli wakati wa baridi lilifanyika mara ya kwanza, 2013. Montreal ikalipokea 2017. Wakaaji wa Oulu hawana damu ya moto kuliko sisi. Wana viongozi wanaojua theluji inakuja kila mwaka. (Sisi nasi mvua inakuja kila mwaka, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.)

Ninayemlaumu siyo baridi wala mji. Ninalaumu grupu. Tunataka picha ya gari, ya jikoni kubwa, ya suti mbele ya jengo refu. Mtu akituma hizo tunampigia makofi, kisha jioni tunamwandikia pembeni kumuomba pesa, kwa kuwa tumeona anazo. Yaya anajua hilo. Ndiyo maana gari haionekani. Alituma picha ambayo haikuomba kitu wala kujivuna, picha ya siku aliyokuwa mzima, naye akapewa chukudu na vicheko. Kuna ndugu wangapi walionyamaza hivyo, nasi tunasema Ulaya imewabadilisha?

Niliporudi, nilikwenda kwa mama mkubwa na simu yangu. Nilimwonyesha video fupi: yaya mbele yangu, kofia ngumu kichwani, taa nyekundu ikiwakawaka nyuma ya kiti, theluji inaanguka polepole, anageuka kuniita na kucheka. Aliitazama mara tatu. Hakuuliza gari wala kazi. Aliuliza: "Na mikono, haimuumi?"

Nilimweleza habari ya zile glavu. Akaniambia nimpigie sasa hivi, amuulize mwenyewe. Huko ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya Jumapili. Simu iliita muda mrefu, na alipopokea alikuwa anahema, na nyuma yake nilisikia ile sauti ya karanga.