Betri kwenye buti: ugomvi wangu ni na waya

Jamani, wiki mbili sijagusa ukurasa huu, nilikuwa nakimbizana na mhariri. Leo siasa naiweka pembeni. Nataka kuongelea betri ya gari.

Jumamosi iliyopita binamu yangu alikuja na Altezza yake tumpeleke mama mkubwa hospitali. Betri ilikuwa imelala, tukaisukuma gari ikawaka, safari ikaanza. Tulipokaribia Mwenge tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mama mkubwa, aliyekaa nyuma, akasema taratibu: "Wanangu, mbona huku chini kunaniunguza miguu?" Tukasimama, tukamshusha, tukafunua kapeti. Waya mwekundu unaotoka kwenye buti ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu, na pale kwenye kiungo ganda lilikuwa limeyeyuka. Shaba ilikuwa karibu kabisa kugusa bodi.

Betri hiyo alihamishiwa nyuma na fundi mmoja, ili apate nafasi ya betri kubwa ya muziki. Kazi ya mchana mmoja.

Sasa nimesikia watu wakisema betri haitakiwi kuwa nyuma hata siku moja. Sikubaliani nao. BMW E46 imetoka kiwandani na betri kwenye buti, Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, vilevile. Uzito unasogea nyuma, na betri inaepuka lile joto la chini ya boneti ambalo hapa Dar linazimaliza betri mapema. Lakini waliofanya hivyo kiwandani hawakuhamisha betri peke yake. Ile BMW ina kifaa chenye baruti kidogo kwenye terminali ya chanya, gari likipata ajali kubwa kinakata waya mkuu papo hapo. Sisi tunachukua wazo lao, usalama wao tunauacha Ujerumani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukosa fyuzi. Binamu alinijibu, "Mbona fyuzi zipo nyingi tu mbele?" Ndugu yangu, zile ziko mwisho wa safari. Waya ukichubuka chini ya kiti na kugusa bodi, umeme unarudi kwenye betri bila kufika huko mbele. Mamia ya ampea yanapita, waya unakuwa mwekundu kama jiko la mkaa, na juu yake kuna kapeti na sponji. Fyuzi kubwa ya waya mkuu inatakiwa iwe palepale kwenye betri, sentimita 30 hivi zisizidi, na iwe ndogo kuliko uwezo wa waya wenyewe. Kazi yake ni kulinda waya, redio ina fyuzi yake.

Halafu unene. Nilirudia hesabu za fizikia ya sekondari: waya wa shaba wa mita 4, wenye milimita 10 za mraba, stata ikivuta ampea 200, unapoteza volti 1.4 njiani. Ukiweka wa milimita 50 za mraba, hazifiki hata 0.3. Kumbe ile asubuhi pengine tulisukuma gari kwa kosa la waya! Na waya uwe mmoja, bila kiungo, ukipita kwenye tundu la bati uvalishwe raba, ukae mbali na ekzosi na bomba la petroli. Ethi nayo isifungwe juu ya rangi. Kwangurua mpaka bati lionekane.

Jambo la gesi mafundi wengi wanalicheka. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Kwenye gari kama Noah, buti na abiria wanavuta hewa moja. Kwa hiyo weka betri iliyofungwa, yenye mrija wa kupeleka gesi nje, ndani ya boksi lililokazwa kwa bolti. Binamu alikuwa ameifunga kwa mpira wa tairi. Kilo karibu 20 na asidi ndani, gari likipinduka inakuja kukaa na mama mkubwa.

(Trafiki kila siku wanatuuliza mtungi wa kuzimia moto. Wa binamu ulikuwa kwenye buti, umeegemea betri.)

Juzi tumepeleka gari kwa fundi umeme mwingine, mzee asiyependa haraka. Cha kwanza alifungua terminali ya hasi, kisha akautoa waya wote na kuutupa. Gharama yake binamu anaisimulia kama msiba, maana imezidi ile ya kuhamisha betri mara tatu. Nimechangia nusu. Mama mkubwa kasema yeye kwa sasa atapanda daladala.