MAJIVU YA TOBA YATOA USHAHIDI

Neno likikaririwa sana hudhaniwa kuwa kweli. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba mlima wa Toba, huko Sumatra, ulipolipuka kiasi cha miaka 75,000 iliyopita, majivu na gesi zake zilizuia jua, baridi kali ikaingia, na wazee wetu wa kale hapa Afrika wakakaribia kwisha kabisa.

Je, shahidi yuko wapi? Yuko chini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2005 wataalamu walizamisha mabomba ziwani humo wakatoa matope yaliyojipanga tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2013 Christine Lane wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitangaza kwamba ndani yake wamekuta chembe za kioo, ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizopeperuka kutoka Toba zaidi ya kilometa 7,000. Walizitambua kwa kupima kemia yake, kwani majivu ya mlipuko huo yana mchanganyiko wake.

Fundi mwashi huvuta uzi mmoja ili matofali ya ukuta mzima yalingane. Majivu haya ni uzi wa namna hiyo. Yaliangukia Bara Hindi, Bahari ya Hindi na Nyasa kwa wakati mmoja. Basi tabaka lenye chembe hizo lina umri mmoja popote lilipo. Kwa uzi huo tarehe za mabadiliko ya kale ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki zimesahihishwa. Tena, matope yaliyo juu ya majivu hayakuonyesha baridi kubwa. Dai lile limekosa nguvu.

Akiba haiozi. Matope hayo yanatunzwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, nasi twashukuru. Lakini ziwa ni la Tanzania, Malawi na Msumbiji, na yatupasa vijana wa nchi hizo waifahamu kazi hii barabara. Apangaye mabwawa na kilimo hana budi kuuliza ukame wa zamani ulikuja lini, ukadumu muda gani. Ajibuye bila tarehe anabahatisha, na hasara ya kubahatisha humwangukia mkulima.